Uundaji wa Maneno na Uteuzi wa Msamiati: Somo Kutoka Gereji

Mtahiniwa, swali la uundaji wa maneno huonekana jepesi, lakini huwaangusha wengi. Sababu ni kwamba wanakariri mifano mitatu au minne ya kila njia, kisha mtihani unaleta neno ambalo hawakulikariri. Katika somo hili tutachukua maneno kutoka mahali pamoja, gerejini, ili ujifunze kulichambua neno lolote utakalokutana nalo. Mwishoni mwa somo unapaswa uweze:

(i) kubainisha njia iliyotumika kuunda neno;
(ii) kuteua neno sahihi kulingana na muktadha;
(iii) kueleza hatua za kazi kwa mpangilio unaoeleweka.

A. KIFUNGU CHA HABARI

Soma kifungu kifuatacho kwa makini.

Pikapu ilikuwa Ford ya Marekani ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa imesimama chini ya mkwaju huko Bukundi, mkoani Simiyu, kwa misimu mingi ya pamba. Injini iliwaka baada ya kusafishwa kabureta na kubadilishwa plagi, na mwenye gari akataka kwenda nayo Bariadi siku hiyohiyo. Mzee fundi alikataa.

"Gari lisilowaka halijaua mtu," alisema. "Linalowaka bila breki ndilo linaloua."

Gari hilo lina silinda kuu moja inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, breki zote zinakwisha kwa mara moja. Ndiyo maana fundi aliamua kufungua gurudumu baada ya gurudumu, akisaidiwa na mjukuu wake aliyekuwa kidato cha nne.

Walianza kwa kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Wakainua gari kwa jeki, kisha wakaliegemeza juu ya magogo, kwa kuwa jeki ni ya kuinulia tu. Haifai kumlinda mtu aliye chini ya gari. Dramu ya breki ilikuwa imeshikwa na kutu. Fundi alilegeza kwanza viatu vya breki, akapaka mafuta kwenye kutu, akasubiri, kisha akagongagonga pembeni taratibu mpaka dramu ikaachia.

Ndani kulijaa vumbi jeusi. Mjukuu akainama kulipuliza.

"Acha!" fundi alimzuia. "Breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lowesha kitambaa, ufute."

Baada ya kusafisha, fundi alinyoosha mkono. "Nipe spana ya nusu inchi."

"Babu, nusu inchi siioni. Lakini hii ya kumi na tatu inaingia."

"Kuingia inaingia. Je, inashika?"

Mjukuu alijaribu. Spana iliingia vizuri kwenye nati, lakini alipoikaza iliteleza, na pembe za nati zikaanza kulika. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya milimita 13 inaachia nafasi ya milimita 0.3. Nafasi hiyo ni ndogo kwa macho, lakini kwa nati iliyoshikwa na kutu inatosha kuiharibu isifunguke tena. Walisimamisha kazi mpaka spana ya inchi ilipopatikana.

Silinda ndogo ya gurudumu ilisuguliwa kwa msasa laini na kuoshwa kwa mafuta ya breki. Haikuoshwa kwa petroli, kwa sababu petroli huvimbisha raba za breki na kuziharibu. Raba zote zilibadilishwa. Dramu nayo ilipimwa: ikizidi kipimo kilichowekwa na mtengenezaji, haichongwi tena, inatupwa.

Mwisho walitoa hewa kwenye mabomba, wakianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Msaidizi alikanyaga pedali na kuishikilia. Fundi akafungua nati ndogo ya kutolea hewa, mafuta yakatoka na mapovu. Akaifunga, ndipo akamwambia msaidizi aachie. Walirudia hivyo mpaka yakatoka mafuta matupu. Kila baada ya muda waliongeza mafuta mapya kwenye silinda kuu ili isikauke na kuvuta hewa upya. Jioni waliijaribu pikapu uwanjani, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ilisimama.

B. NJIA ZA UUNDAJI WA MANENO

1. Kutohoa. Ni kuchukua neno la lugha nyingine na kulitamka na kuliandika kwa kufuata taratibu za Kiswahili. Mifano: breki, kabureta, plagi, silinda, jeki, spana, petroli. Ford ni gari la Marekani, lakini maneno kama petroli, spana na boneti tumeyatohoa kutoka Kiingereza cha Uingereza, kwa kuwa Waingereza ndio waliotawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza mpaka mwaka 1961. Mmarekani ana majina mengine kwa vitu hivyohivyo. Kwa hiyo neno hufuata njia ya watu waliolileta, hata kama kitu chenyewe kimetoka kwingine.

2. Kunyambulisha. Ni kuongeza viambishi kwenye mzizi wa neno. Mifano: pima → kipimo, saidia → msaidizi, tengeneza → mtengenezaji, chuja → kichujio, fungua → ufunguo.

3. Kuambatanisha. Ni kuunganisha maneno mawili kuwa moja. Mfano: gari + moshi → garimoshi.

ZINGATIA: Neno motokaa huwadanganya watahiniwa wengi. Huandika kwamba limeambatanishwa kutokana na moto na kaa. Si kweli. Neno hili limetoholewa kutoka Kiingereza. Kufanana kwake na maneno yetu mawili ni bahati tu. Kabla ya kusema neno limeambatanishwa, jiulize: je, maana za sehemu zake zinajenga maana ya neno zima?

4. Kuiga sauti na kurudufisha. Pikipiki imeitwa hivyo kwa kuiga mlio wake, na papo hapo sehemu yake imerudiwa.

5. Kupanua maana ya neno lililopo. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza, ambayo mafundi seremala waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya kusugulia ilipofika, ikarithi jina hilo. Usukani nao ulikuwa wa chombo cha majini kabla ya kuwa wa gari. Lenyewe limetokana na Kiarabu, kwa hiyo neno moja linaweza kupitia njia zaidi ya moja.

6. Kutafsiri. Viatu vya breki ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Vipande hivyo havivaliwi na mtu. Hukandamiza dramu kwa ndani ili gurudumu lisimame.

C. UTEUZI WA MSAMIATI

Rudi kwenye spana ya 13. Iliingia, lakini haikushika. Maneno nayo yako hivyo. Tazama jozi hizi:

• Kulegeza ni kupunguza mkazo. Kufungua ni kuondoa kabisa kilichofunga. Ukiandika "fungua nati za gurudumu, kisha inua gari", umemwambia msomaji aondoe gurudumu gari likiwa bado chini. Sahihi ni: "legeza nati, inua gari, kisha fungua nati."

• Kusafisha ni kuondoa uchafu. Kubadilisha ni kuondoa kitu na kuweka kingine. Raba ya breki iliyovimba haisafishwi, inabadilishwa.

• Mafuta peke yake hayatoshi katika maelekezo. Kuna mafuta ya breki, mafuta ya injini na mafuta ya kuendeshea gari. Anayejaza mafuta ya injini kwenye breki huharibu raba zote.

Kumbuka pia rejesta. Gerejini utasikia "injini imenoki" au "gari inamisi". Hayo ni mazungumzo sahihi mahali pake, na fundi anayatumia kwa kuwa wenzake wanamwelewa haraka. Katika insha rasmi andika "injini imekwama" au "injini haichomi mafuta sawasawa". Vilevile zingatia upatanisho wa kisarufi: gari liko katika ngeli ya LI-YA. Andika "gari limesimama", usiandike "gari imesimama".

Nimesahihisha insha nyingi za wanafunzi wangu. Kosa ninaloliona zaidi si kukosa maneno, bali kutumia neno lililo karibu na kuendelea mbele. Ukiwa ndani ya chumba cha mtihani, ukifika kwenye neno la namna hiyo, simama kidogo. Uliza kama alivyouliza mzee: kuingia linaingia, je, linashika?

D. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini fundi alikataa gari lisiende Bariadi ingawa injini iliwaka?
2. Eleza kwa nini nati ya kutolea hewa hufungwa kabla msaidizi hajaachia pedali.
3. Bainisha njia iliyotumika kuunda maneno haya: (a) kipimo (b) motokaa (c) kabureta (d) garimoshi (e) msasa (wa kusugulia).
4. Sahihisha sentensi hii: "Gari imeharibika breki, fundi akaifungua nati na kuosha raba kwa petroli."
5. Fupisha aya ya mwisho ya kifungu kwa maneno yasiyozidi 35.

E. MAJIBU

1. Breki zilikuwa hazijakaguliwa, na gari lina silinda kuu moja. Bomba moja likipasuka gari linakosa breki zote.
2. Pedali ikiachiwa nati ikiwa wazi, hewa huvutwa na kurudi ndani ya mabomba. Kifungu hakikusema hivyo waziwazi. Hili ni swali la kufikiri, na ndiyo maana lina uzito.
3. (a) kunyambulisha (b) kutohoa (c) kutohoa (d) kuambatanisha (e) kupanua maana.
4. "Gari limeharibika breki, fundi akafungua nati na kubadilisha raba." Kosa la kwanza ni la upatanisho, la pili ni kiambishi cha mtendwa kisichohitajika, na la tatu ni la maana: petroli huharibu raba.
5. Mfano: Walitoa hewa mabombani wakianza na gurudumu la mbali. Msaidizi alikanyaga pedali, fundi akafungua na kufunga nati mpaka mapovu yakaisha, huku wakiongeza mafuta. Jioni waliijaribu pikapu polepole, ikasimama.