Kuhesabu Pengwini kwa Miaka Hamsini

Hivi mtu akimaliza ujana wake anahesabu ndege, si tutasema anapoteza muda?

Twendeni Antaktika, kwenye Kituo cha Palmer cha Marekani. Mwaka 1974 watafiti walihesabu pengwini wa Adélie katika visiwa vya jirani, wakapata jozi zipatazo 15,000. Tangu hapo zaidi ya asilimia 80 wametoweka. Pengwini wa gentuu, wasiotegemea sana barafu, walianza kuzaliana pale miaka ya 1990.

Sasa wewe ukifika mara moja tu, utaona pengwini kibao, utapiga picha na kuondoka umefurahi. Asiyekuwepo humwoni. Kwenye falsafa tulisoma kwamba Aristotle aliufungamanisha wakati na hesabu ya kabla na baada. Mimi niliona ni maneno makavu tu, mpaka nilipokutana na hawa pengwini. Bila ile "kabla" ya 1974, hasara isingeonekana kabisa.

Kuanzia miaka ya 1990 walipima pia bahari yenyewe. Kila Januari meli ilikuwa ikirudi sehemu zilezile, ikichota maji na kuvua krili, viumbe wanaofanana na uduvi, chakula cha pengwini. Krili wachanga hula mwani unaoota chini ya barafu, kwa hiyo barafu ikipungua, nao hupata shida.

Katika Laudato Si' namba 42, Papa Fransisko alidai utafiti wa mifumo ya viumbe uwekezewe zaidi. Naona ni sawa kabisa, maana kazi isiyotoa majibu haraka ndiyo hukatwa bajeti kwanza.