Mshahara Usiishie Butiki

Wadogo zangu, wiki iliyopita mmoja wenu alinijia, mtoto mgongoni, na swali ambalo nimelisikia kwa wengi: "Dada, mume wangu analipwa tarehe 30. Ikifika tarehe 5 hatuna kitu. Hela zinaenda wapi?" Mume anafanya kazi kiwandani, hapa Bujumbura, Zone Industrielle. Watoto wawili, mkubwa ameanza shule. Baba hapiti kabare, mama hanunui vitenge. Nikamwambia aniletee daftari la butiki.

Tulilisoma pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Mafuta ya kupimiwa kwenye kichupa. Mchele nusu kilo. Kipande cha sabuni. Makala ya kopo, leo, kesho, keshokutwa. Siku mshahara ulipoingia, zaidi ya nusu yake ilikwenda kulipa deni hilo, na kesho yake jioni akaanza kukopa upya. Mwenye butiki simlaumu, maana ndiye aliyewalisha tarehe 20. Lakini makala ya kopo, ukiyajumlisha mwezi mzima, yanapita bei ya gunia. Mwenye hela kidogo ndiye anayenunua kwa bei kubwa. Hilo linaniuma sana.

Kutoka kwenye deni hilo hakufanyiki kwa mwezi mmoja, msijidanganye. Lipa deni, halafu ondoa kitu kimoja tu kwenye daftari. Mimi ningeanza na makala. Gunia zima likikushinda, ungana na jirani mgawane nusu kwa nusu. Mwezi wa pili ondoa maharage. Wa tatu, sabuni na mafuta. Kila kinachotoka butiki kinakuachia kitu kidogo cha kununulia kinachofuata.

Na maharage yana majira yake. Mavuno huingia sokoni mwanzoni mwa mwaka, kisha tena kuanzia mwezi wa sita. Hapo ndipo bei hushuka. Mwezi wa tisa, maharage ya mavuno yale yanapopungua, ndipo shule zinapofunguliwa. Karo ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2005, ndiyo, lakini sare na madaftari havijaondolewa. Kwa hiyo anayesubiri mwezi wa tisa anunue maharage na madaftari kwa mshahara mmoja amejifunga mwenyewe. Nunua mwezi wa saba, yaanike jua kali, yajaze ndani ya bido kavu hadi mdomoni, funga kizibo kikaze. Wadudu wakikosa hewa hawazaani.

Ndagala nao wanafuata mwezi, mwezi wa angani. Wavuvi wa ziwa Tanganyika huwavuta kwa taa usiku, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu. Nunua wakavu siku za giza, wanapopatikana kwa wingi, uweke.

Mtaniuliza kwa nini nasema maharage badala ya kuficha hela chini ya godoro. Mwezi wa tano 2023 faranga yetu ya Burundi ilishushwa thamani. Mwezi uliofuata Benki Kuu ikaziondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000, na watu wakapewa siku kumi tu za kuzirudisha. Mnakumbuka ile mistari ya benki. Maharage hayabadilishwi noti. Hela ya dharura weka, lakini iwe kidogo, kwenye simu, kwa Lumicash, au kwenye tontini ya watu unaowajua kwa miaka, na isiguswe kwa ajili ya harusi. Michango ya harusi na ya kumaliza msiba ipangieni kiasi chake tangu mwanzo wa mwezi. Kikiisha, nenda ukasaidie kupika. Mikono nayo ni mchango.

Mtoto akipata homa, usikimbilie kwanza duka la dawa. Tangu 2006 matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano, na kujifungua, ni bure kwenye vituo vya afya vya serikali. Nimeona kina mama wakimaliza hela ya chakula kwa vidonge vya kubahatisha, na kituo kipo mwendo wa dakika kumi.

Baba wa watoto nao nina neno lao. Mke asiyejua mumewe analipwa kiasi gani hawezi kupanga, anaweza kuomba tu, na kuombaomba kila asubuhi kunachosha mapenzi. Mwambie kiasi kamili, pamoja na hela za saa za ziada. Kaeni mezani jioni ile ile ya mshahara, daftari katikati, kabla faranga hata moja haijatoka.

Najua mishahara yenyewe ni midogo. Kima cha chini cha kisheria kwa kibarua wa Bujumbura kiliwekwa mwaka 1988: faranga 160 kwa siku. Hakuna daftari litakaloponya hilo, na yeyote anayewaambia mna shida kwa sababu hamjui kupanga anawaonea. Ninachotaka ni kwamba hicho kidogo mnachokitolea jasho kisiliwe na bei ya kopo.

Basi tarehe 30 ikifika, mdogo wangu, kabla hujapita butiki, bisha hodi kwa jirani. Mwambie: twende tukanunue gunia.