SOMO: SANDUKU LA VIFAA VYA UFUNDI BOMBA

Madhumuni ya somo hili ni kuwaelewesha makatibu na wanachama vifaa vinavyohitajika katika kutengeneza mfereji wa nyumbani, na sababu ya chama kuvimiliki kwa pamoja.

Kwa nini jambo hili ni la ushirika

Chwaka iko mwambao wa mashariki ya Unguja, penye ardhi ya mawe ya matumbawe. Katika ardhi ya namna hiyo maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi yapenyayo kutoka baharini. Kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Kwa hiyo mfereji uvujao haumtii hasara mwenye nyumba peke yake, bali wote wanaotegemea kisima kile kile.

Hesabu yake ni hii. Mfereji unaodondoka tone moja kila sekunde hutoa matone 86,400 kwa siku. Matone 20 yakihesabiwa kuwa mililita moja, hasara ni zaidi ya lita 4 kwa siku, karibu lita 130 kwa mwezi, yaani ndoo sita na nusu za lita 20. Mara nyingi chanzo chake ni washa moja ya mpira iliyochakaa.

Vifaa vya lazima

1. Spana mbili za bomba, za inchi 14. Moja hushika bomba, ya pili hukaza kiungo. Atumiaye moja tu huweza kulegeza viungo vilivyomo ukutani bila ya kujua.

2. Spana ya kurekebisha mdomo, kwa nati za mfereji. Spana ya bomba ina meno, nayo huziharibu.

3. Msumeno wa chuma na tupa. Meno ya msumeno yaelekee mbele. Ncha iliyokatwa ilainishwe kwa tupa, isije ikanasa takataka.

4. Bisibisi, brashi ya waya na utepe wa kupimia.

5. Washa za akiba, tepu nyeupe ya hesi, na gundi ya mabomba ya plastiki. Tepu huzungushwa upande ule ule wa kukazia; ikizungushwa kinyume hujivua.

6. Mtaimbo na sururu. Penye mawe jembe halifai, na bomba la plastiki likiachwa juani miaka mingi hukakamaa na kupasuka.

Kwa kazi mpya karibu na bahari, bomba la plastiki lafaa kuliko la chuma, kwani hewa ya chumvi huleta kutu.

Utaratibu wa kazi

Kwanza ifungwe koki kuu, kisha ufunguliwe mfereji wa chini ili maji yaliyobaki yatoke. Kiungo cha gundi kisitiwe maji kabla ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Kazi ikisha, koki ifunguliwe polepole, kiungo kipanguswe kwa kitambaa kikavu, na kitazamwe tena baada ya saa moja. Mabomba ya mtaani ni ya Mamlaka ya Maji Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2006. Mwanachama asiyakate, bali atoe taarifa.

Wajibu wa Katibu

Mwanachama mmoja huhitaji spana ya bomba mara chache tu kwa mwaka. Kila nyumba kununua yake ni kufunga fedha bure. Lakini mali ya wote isiyo na daftari haidumu. Katibu aandike jina la kifaa, mchukuaji, tarehe ya kutoka na ya kurudi, na hali yake. Mwenyekiti naye atie saini kama wengine. Kila kifaa kirudishwapo kipakwe mafuta, na sanduku lihesabiwe mbele ya Kamati kila mwezi.

Maswali ya kujadili

1. Ni mifereji mingapi ya wanachama inayovuja leo, na hasara yake kwa mwezi ni ndoo ngapi?
2. Ni vifaa gani wanachama tayari wanavyo, na vipi vinunuliwe kwanza?
3. Aliyepoteza kifaa alipe vipi, na nani aamue?