Habari za Kukamatwa: Askari Ana Amri Gani, na Raia Ana Haki Gani?

Tangu mwezi wa Juni, mwaka 2022, maswali mawili yamezungumzwa sana katika mabaraza ya Loliondo, na watu hawajapatana juu ya majibu yake. La kwanza: askari wa polisi ana amri ya kutumia nguvu kiasi gani juu ya raia? La pili: raia aonaye ya kuwa anaonewa, je, ana haki ya kumpinga askari kwa mkono wake mwenyewe? Wako wasemao ya kuwa Serikali ni Serikali, na mwenye kuipinga asimlaumu mtu ila nafsi yake. Wako wengine wasemao ya kuwa mwanamume hawezi kukaa kimya malisho ya ng'ombe wake yakichukuliwa, hata ikiwa mwenye kuyachukua amevaa kofia ya Serikali. Sisi twaona ya kuwa majibu haya yote mawili yana upungufu, nasi twataka kuyapima kwa sheria, wala si kwa hasira. Mwalimu na alisome somo hili pamoja na wanafunzi wake. Na mwenyekiti wa kijiji na alisome mbele ya wazee, akiwafasiria kwa Kimaasai au kwa Kibatemi wale wasiojua Kiswahili sana.

MAMBO YALIVYOKUWA

Kwanza yafaa tukumbushane mambo yenyewe. Loliondo imo katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, nayo yapakana na Kenya upande wa kaskazini na Hifadhi ya Serengeti upande wa magharibi. Kwa miaka mingi eneo la kilomita za mraba 4,000 lilihesabiwa kuwa Pori Tengefu, na humo humo mna vijiji vilivyoandikishwa na watu wanaochunga. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilipewa kibali cha kuwinda humo, na tangu hapo ugomvi wa ardhi haukuisha. Mwaka 2009, na tena mwaka 2017, maboma yalichomwa moto katika kuwaondoa watu. Ndipo mwaka 2017 vijiji vinne, Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, vilipopeleka shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, mjini Arusha. Mwezi wa Septemba 2018 mahakama hiyo ilitoa amri ya muda kuizuia Serikali isiwaondoe watu mpaka shauri liamuliwe.

Shauri hilo lilikuwa halijaamuliwa bado Juni 2022, askari wengi walipokuja kusimamia kazi ya kuweka alama za mipaka kuzunguka kilomita za mraba 1,500, ili sehemu hiyo itengwe kwa ajili ya wanyama. Tarehe 9 Juni viongozi kadhaa wa mahali hapo walikamatwa. Tarehe 10 Juni watu walikusanyika kupinga alama zile. Mabomu ya machozi na risasi vikatumika, na mishale ikarushwa. Askari mmoja aliuawa kwa mshale. Raia kwa makumi walijeruhiwa, na wengi wakavuka mpaka kwenda Narok kutafuta matibabu. Mzee mmoja hakuonekana tena tangu siku ile: jamaa zake walisema alichukuliwa na askari, na polisi walikana. Serikali ilisema ya kuwa kazi ilikuwa ya kuweka mipaka tu, wala hakuna aliyeondolewa kwa nguvu. Wananchi walisema sivyo, na wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao.

Msomaji na aangalie jambo moja. Aliyekufa alikuwa mwana wa watu, aliyetumwa kazini. Na waliopigwa risasi walikuwa wana wa watu pia, waliokuwa katika nchi walikozaliwa. Mtu awaliliaye wa upande mmoja tu bado hajaanza kulifikiri shauri hili.

SHERIA YASEMA NINI JUU YA ASKARI

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, iliyotungwa mwaka 1985, yaeleza jinsi mtu anavyokamatwa. Askari humshika mtu mwili au humzuia. Lakini mtu akijitoa mwenyewe kwa neno au kwa tendo, hapana haja ya kumshika. Tena mtu aelezwe sababu ya kukamatwa kwake. Tena asifungwe wala kubanwa kupita kiasi cha kumzuia asitoroke. Akishapinga kwa nguvu au akijaribu kukimbia, hapo askari anayo ruhusa ya kutumia nguvu.

Lakini ruhusa hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo umeandikwa katika sheria ile ile. Askari asitumie nguvu zaidi, wala asimdhalilishe mtu zaidi, kuliko inavyolazimu ili kumkamata. Na tendo liwezalo kuua asilifanye, ila akiwa na sababu ya haki ya kuamini ya kuwa ni lazima, ili kuokoa maisha au kuzuia mtu asidhuriwe vibaya. Neno lenye uzito hapa ni hilo la “lazima”. Mchungaji ana fimbo ya kumrudisha ndama njiani, na ana mkuki wa kumzuia simba. Akimrudisha ndama kwa mkuki, hatuwezi kusema ya kuwa amechunga vema kwa sababu ndama hakupotea.

Mataifa nayo yalikubaliana juu ya jambo hili katika mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana, nchi ya Cuba, mwaka 1990. Walisema ya kuwa askari atangulize njia zisizo za nguvu. Ajitambulishe na kuonya kabla ya kutumia bunduki, ikiwa nafasi iko. Ahakikishe waliojeruhiwa wanapata matibabu upesi. Na kila tendo la namna hiyo liandikiwe taarifa.

Wako wanaodhani ya kuwa askari hashitakiwi kamwe. Si kweli. Mwezi wa Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi katika kijiji cha Nyololo, Mkoa wa Iringa, polisi walipokuwa wakiwatawanya watu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimtia hatiani askari mmoja kwa kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Hukumu ya namna hii si ya kila siku, lakini yaonyesha ya kuwa sare ya Serikali si ngao mbele ya hakimu.

SHERIA YASEMA NINI JUU YA RAIA

Kumpinga askari atendaye kazi yake ya halali ni kosa, na kumpiga ni kosa kubwa zaidi. Ni kweli ya kuwa Kanuni ya Adhabu yampa kila mtu haki ya kujilinda nafsi yake na mali yake. Walakini haki hiyo nayo ina kipimo, nacho ni kile kile cha “lazima”. Sheria haikuweka kipimo kimoja kwa askari na kingine kwa raia.

Hapo ndipo linapozuka swali gumu: ikiwa askari mwenyewe amekuja bila haki, je, raia amkubali tu? Swali hili si la Loliondo peke yake. Huko Marekani, mwaka 1900, Mahakama ya juu kabisa ya nchi ile iliamua shauri la John Bad Elk, mtu wa kabila la wenyeji wa Marekani katika eneo la Pine Ridge, ambaye alimwua askari aliyekuja kumkamata pasipo hati. Mahakama ilitengua hukumu yake, kwa sababu wazee wa baraza waliambiwa ya kuwa hakuwa na haki hata kidogo ya kupinga, na hilo halikuwa sawa. Lakini katika miaka iliyofuata majimbo mengi ya nchi ile yalibadili sheria, yakasema ya kuwa mtu asipigane na askari hata akiona ya kuwa hakamatwi kwa haki. Aende kulipinga jambo lake mahakamani.

Kwa nini walibadili? Kwa sababu njiani hapana hakimu. Askari aamini ya kuwa ana haki, na raia aamini ya kuwa anaonewa, na kila mmoja ana silaha mkononi. Mwisho wa mashindano hayo ni kaburi, na kaburi halina rufani. Sisi twaikubali hoja hii. Lakini twasema pia ya kuwa hoja hii yasimama juu ya mguu mmoja, nao ni huu: mlango wa mahakama uwe wazi kweli kweli. Kumwambia mtu, “Usipigane, nenda kwa hakimu,” na papo hapo kufanya jambo lile lile ambalo shauri lake lingali mbele ya hakimu, ni kuukata mguu huo. Kwa hiyo twaona ya kuwa mzigo wa kwanza wa utulivu ni wa mwenye bunduki na sheria, kisha ni wa mwenye mshale.

KILA MTU NA KOSA LAKE

Baada ya kifo cha yule askari, watu zaidi ya 20 walishtakiwa kwa mauaji, na miongoni mwao walikuwamo viongozi waliokuwa wamekwisha kukamatwa siku moja kabla ya kifo hicho. Walikaa mahabusu miezi mitano, mpaka tarehe 22 Novemba 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoliondoa shauri. Jambo hili lina mafundisho kwa pande zote. Kosa la kuua ni la aliyeua na waliomsaidia, wala si la kabila, wala si la kijiji, wala si la kila aliyelalamika. Vivyo hivyo, risasi iliyopigwa bila lazima ni kosa la aliyeipiga na aliyeiamuru. Si haki kumchukia kila askari apitaye Wasso kununua chai.

Na tuulize: mshale ulileta faida gani? Alama za mipaka ziliwekwa, na kabla ya mwaka kwisha eneo lile likatangazwa kuwa Pori la Akiba Pololeti. Na risasi zilileta faida gani? Hazikuwafanya watu wakubali. Lililobaki hai ni shauri. Tarehe 30 Septemba 2022 Mahakama ya Afrika Mashariki iliwakatalia wanavijiji. Wao hawakurusha kitu, bali walikata rufani, na mwezi wa Novemba 2023 majaji wa rufani walitengua uamuzi ule na kuamuru shauri lisikilizwe upya.

Tena, mwezi wa Agosti 2024, katika Wilaya hii hii, maelfu ya watu wa Ngorongoro walikusanyika barabarani siku kadhaa, kwa sababu kata na vijiji vyao vilikuwa vimefutwa katika tangazo la Serikali. Shauri lile halikuishia katika mishale wala risasi. Mahakama Kuu ya Arusha ilisimamisha tangazo lile, na Serikali ikamtuma Waziri kuzungumza na watu. Hatusemi ya kuwa matata yote yalikwisha; twasema ya kuwa watu walisikilizwa, na hakuna mama aliyezika.

MAMBO YA KUFUATA

Kwa raia: Askari akija kukukamata, uliza kwa upole sababu, na jina la kituo utakachopelekwa. Usikimbie. Twajua ya kuwa sime na rungu ni mavazi ya kila siku ya mchungaji; lakini askari mgeni hajui hayo, basi mpe mwenzako au weka chini polepole. Watu wawili wafuate mpaka kituoni, wakaandike siku, saa, na majina. Aliyeumizwa apelekwe hospitali bila kukawia. Hospitali humtaka fomu ya polisi iitwayo PF3. Ikiwa waogopa kuiomba kwa wale wale waliokuumiza, nenda pamoja na kiongozi wa kijiji au wakili. Malalamiko yapelekwe kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Kwa viongozi na malaigwanani: Neno lenu kwa vijana lazidi nguvu ya bunduki. Litumieni kabla ya siku yenyewe, si baada yake.

Kwa askari: Sema kwa lugha inayosikika, au chukua mkalimani na mzee anayeheshimiwa. Mwaka 2023 Tume ya Rais ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilishauri ya kuwa Jeshi la Polisi lisukwe upya. Kazi hiyo yaweza kuanzwa na askari mmoja, siku yoyote, kwa kueleza sababu kabla ya kushika.

MASWALI KWA DARASA NA BARAZA

1. Taja mambo mawili ambayo askari hana budi kuyafanya anapomkamata mtu.
2. Ni wakati gani tu sheria humruhusu askari kufanya tendo liwezalo kuua?
3. Kwa nini sheria humtaka mtu apinge mahakamani, wala si njiani? Hoja hiyo yategemea nini?
4. Katika kijiji chenu, ni nani atakayemfuata mtu aliyekamatwa mpaka kituoni? Chagueni watu wawili leo, kabla haja haijaja.