Kupiga msasa sakafu ya mbao: haraka huharibu

Swali: Msomaji wa Nairobi ana sakafu ya mbao ya zamani iliyochakaa. Je, aweza kuipiga msasa na vanishi mwenyewe?

Jibu: Anaweza, mradi asiwe na pupa. Kosa linaloumiza zaidi ni kuruka kutoka msasa namba 40 hadi 120: mikwaruzo mikubwa hubaki, kisha vanishi huianika wazi. Apite 40, 60, 80, ndipo 120. Mashine ya msasa ikizunguka mahali pamoja huchimba bonde, na bonde hilo ni gumu kufuta.

Vumbi lote lifyonzwe kabla ya mkono wa kwanza wa vanishi.

Kuna hatari wengi hawaijui: akitumia mafuta ya mbegu za kitani, matambara yenye mafuta hayo yakirundikwa hupata joto na kuwaka yenyewe. Ayatandaze nje yakauke.