SOMO LA SIHA: HEWA YA NYUMBANI, CHUJIO NA KIFUA

Ndugu wanachama,

Msimu unapokwisha na fedha za karafuu zikiwa mkononi, hawakosi watu wa kutuletea vitu vya kununua. Miongoni mwa vitu vinavyosifiwa siku hizi ni mashine ya kuchuja hewa ya nyumbani, na baadhi yenu mmeuliza kama chombo hicho chaweza kuwaondolea kikohozi wake zenu na watoto wenu. Swali ni la haki. Fedha hizo ni za jasho, na kifua kikiharibika hakiuzwi dukani. Kwa hivyo somo la safari hii litaeleza ni nini kinachochafua hewa ya ndani, chujio laweza nini, na haliwezi nini.

1. Chujio tulilozaliwa nalo

Kila mtu ana chujio lake, nalo ni pua. Nywele za puani na kamasi hunasa vumbi lililo kubwa. Ndani zaidi, katika njia za pumzi, mna vijinywele visivyoonekana kwa macho, navyo husukuma makohozi juu mpaka kooni. Vumbi linalotimka tunapopepeta karafuu kavu na kuzitia maguniani, sehemu yake kubwa hukomea huko, ndiyo maana mtu hupiga chafya na kukohoa.

Moshi ni jambo jingine. Chembe zake ni ndogo mno. Wataalamu hutazama hasa zile zenye upana wa mikroni 2.5 na chini yake, na unywele mmoja wa kichwa hufika mikroni 50 hata 70. Chembe hizo hupita puani bila ya kuzuiwa, zikafika mwisho wa mapafu, na nyingine zikaingia katika damu. Basi kanga au kitambaa tunachojifunga puani chasaidia kwa vumbi, lakini kwa moshi msaada wake ni mdogo sana.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na katika hao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Maradhi yenyewe ni homa ya mapafu kwa watoto, na kwa watu wazima ni mapafu kubana pumzi, saratani ya mapafu, maradhi ya moyo na kiharusi. Anayekaa karibu na moto ndiye anayevuta moshi mwingi, naye kwetu ni mama, na aghalabu ana mtoto mgongoni.

2. Uchafu hutoka wapi

Palipo moshi pana moto. Tuihesabu mioto yetu: kuni na makumbi jikoni, makaa, kibatari, sigara, udi na ubani chetezoni, na ile dawa ya mbu ya kuwasha inayozungushwa kama konokono. Hii ya mwisho wengi hawaifikirii. Wapimaji waliotoa matokeo yao mwaka 2003 waliona kuwa kipande kimoja kikiungua mpaka kwisha chaweza kutoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 hata 137. Chandarua hakitoi moshi, na mbu hukizuia vile vile.

3. Chujio la mashine hufanyaje kazi

Mashine nzuri ina feni inayovuta hewa na kuipitisha katika karatasi ya nyuzi nyembamba iliyokunjwakunjwa. Aina iliyo bora huandikwa HEPA. Asili yake ni Marekani katika miaka ya 1940, wakati wa kazi ya kutengeneza bomu la atomiki, ilipotakiwa kuwakinga wafanyakazi na vumbi la sumu. Kipimo chake ni hiki: katika chembe 10,000 zenye upana wa mikroni 0.3, zisiponyoke zaidi ya 3.

Msidhani kuwa hufanya kazi kama kifumbu cha kuchujia tui, ambacho hukamata kile tu kilicho kikubwa kuliko tundu. Matundu ya karatasi hii ni makubwa kuliko chembe nyingi inazozinasa. Chembe kubwa hushindwa kukata kona, zikagonga nyuzi na kuganda. Zilizo ndogo kabisa huyumbayumba huku na huku mpaka zikagusa uzi. Zile za kati ndizo ngumu kukamata, na ndiyo sababu ya kupimia kwa mikroni 0.3.

Kiyoyozi cha kawaida si mashine hii. Wavu wake huzuia vumbi kubwa tu, na vingi hurudisha hewa ile ile ya chumbani bila ya kuleta mpya. Wavu usiposafishwa hushika unyevu na kuota kuvu, na kuvu humzidishia mwenye pumu. Mwenye nacho auoshe walau kila mwezi na kuukausha kabla ya kuurudisha.

4. Mambo yasiyowezekana kwa chujio

Kwanza, karatasi hii hukamata chembe, haikamati gesi. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Hakuna chujio la nyumbani litakalowaokoa. Jiko la makaa lisilazwe chumbani hata usiku wa mvua na baridi.

Pili, mashine husafisha hewa inayopita ndani yake tu. Nyumba zetu nyingi zina uwazi baina ya ukuta na paa, na moshi wa jikoni huingia upya kila dakika. Kuweka mashine humo ni kama kukumba maji katika ngalawa ambayo tundu lake halikuzibwa.

Huko Baltimore, Marekani, zilijaribiwa mashine hizi katika nyumba za watoto wenye pumu wanaoishi na wavutaji wa sigara. Matokeo yalitolewa mwaka 2011: chembe zilipungua, na siku za watoto kukaa bila ya dalili za pumu ziliongezeka. Lakini nikotini hewani haikupungua. Huko Malawi, utafiti uliotolewa mwishoni mwa 2016 ulihusu watoto zaidi ya 10,000 ambao nyumba zao zilipewa majiko ya kuni yenye moshi mdogo. Homa ya mapafu haikupungua, na watafiti walitaja kuwa moshi wa takataka na tumbaku uliendelea kuwazunguka. Funzo ni kuwa kuondoa moshi mmoja na kuiacha mingine hakutoshi.

5. Basi tufanye nini

Tufuate utaratibu huu.

(a) Tupunguze moto wenye moshi. Kuni zikauke vizuri na chungu kifunikwe. Mwenye uwezo wa gesi au umeme, fedha yake ianzie hapo. Sigara ivutwe nje.

(b) Tuutoe moshi. Jiko liwe mbali na chumba cha kulala, na likiwa na dohani ipande mpaka juu ya paa. Madirisha yawe pande mbili zinazoelekeana. Upepo wetu hugeuka, kaskazi haiji upande wa kusi, na jiko lenye tundu moja litapitisha nusu ya mwaka moshi ukirudi ndani. Hewa inayopita hupunguza pia kuambukizana kifua kikuu.

(c) Kisha ndipo lije chujio. Lamfaa mwenye pumu au mapafu dhaifu, katika chumba kinachofungika, chenye umeme, na mashine iwe ya kutosha ukubwa wa chumba. Kabla ya kununua ulizeni bei ya karatasi ya kubadilisha na kama yapatikana hapa kisiwani. Na dawa ya pumu aliyoandikiwa mgonjwa na daktari isiachwe kwa sababu ya mashine.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni jikoni, na kutoboa dirisha la pili ni gharama ndogo kuliko mashine.

Maswali ya kujijaribu

1. Kwa nini kitambaa huzuia vumbi la karafuu lakini hakizuii moshi?
2. Ni hatari gani ya makaa isiyoondolewa na chujio?
3. Tazama jiko lako leo jioni: moshi watoka wapi wakati wa kusi, na wakati wa kaskazi?

Majibu ya swali la tatu tutayazungumza katika mkutano wa tawi, na kina mama waje pia, kwani wao ndio wanaolijua zaidi.

Wenu katika kazi,
Katibu