FRIZA KATIKA BARAZA LA VIOO: TUILINDE NA JOTO, TULINDE JAMAA



Ajali na ugonjwa havitungojei kazini peke yake. Mtu aliyekula samaki iliyoharibika hukesha na tumbo, na asubuhi anaingia zamu bila nguvu. Mtoto mdogo akihara sana, maji humwishia mwilini na anaweza kufa. Ndiyo maana leo tunasema juu ya friza ndogo, ile ambayo wengi wetu tunaiita konjelateri.

Kituo cha Matebe, cha megawati 13.8, kilifunguliwa Desemba 2015 kwenye mto Rutshuru, na umeme wake ukafika Kiwanja. Hivyo mtu aliweza kutunza nyumbani samaki ya Vitshumbi au nyama ya sikukuu. Lakini nyumba ni ndogo, na mara nyingi friza huwekwa barazani, penye vioo pande zote na bati juu. Kiwanja kiko chini kuliko Goma, na joto lake ni kubwa zaidi. Mchana baraza hilo huwa kama tanuru.

KWA NINI JOTO NI ADUI?

Friza haitengenezi baridi. Inachota joto lililo ndani ya sanduku na kulitupa nje, kwa mabomba ya nyuma au ya ubavuni. Gusa hapo, utasikia moto. Hewa ya barazani ikiwa moto tayari, joto hilo halina pa kwenda. Mota inazunguka bila kupumzika, inakula umeme, na mwisho inaungua. Mchimbaji aliye chini ya ardhi pasipo hewa naye hachukui muda mrefu.

Tazama kibati cha friza. Herufi N maana yake imetengenezwa kwa chumba kisichopita digri 32. ST, digri 38. T, digri 43. Baraza la vioo hupita digri 32 kwa urahisi.

MAMBO YA KUFANYA

1. Ihamishe ndani, penye kivuli na hewa. Kama hakuna nafasi, iweke mbali na vioo vya mashariki na vya magharibi. Tundika mkeka au turubai nje ya kioo, kwa maana pazia la ndani huzuia jua likiwa limekwisha kuingia. Fungua madirisha ya pande mbili.

2. Acha sentimita 10 kati ya friza na ukuta. Usiifunike kwa nguo wala magunia.

3. Ndani iwe digri 18 chini ya sifuri. Usitie sufuria ya moto.

4. Barafu ikiwa nene, chomoa waya na uiache iyeyuke yenyewe. Usichokoe kwa kisu: utatoboa bomba. Friza nyingi za sasa zina gesi R600a, nayo inawaka moto.

5. Chomeka moja kwa moja ukutani, penye waya wa ardhi, si kwa ralonji nyembamba. Mvua ikivuja barazani, usiiguse kwa miguu mitupu wala mikono yenye maji.

6. Friza mbovu, ing'oe mlango kabla ya kuitupa. Mtoto akijificha humo, atakosa hewa na kufa.

UMEME UKIKATIKA

Chomoa waya. Umeme ukirudi, ngoja dakika 5 kabla ya kuchomeka, ili mota isipigwe na umeme usiotulia.

Usifungue mlango. Friza iliyojaa hutunza baridi saa 48 hivi, na iliyojaa nusu saa 24. Barazani penye joto, hesabu pungufu. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji, lakini usizijaze mpaka mdomoni.

Fanya jaribio hili: gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukirudi safarini, tazama sarafu. Ikiwa imezama, ujue friza iliyeyuka na kuganda tena: vyakula vya humo usivile.

Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu. Vikipata joto vinaamka na kuongezeka. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu, ipike au igandishe tena. Ile iliyokaa katika joto kupita saa 2, itupe. Usiitegemee pua, kwa kuwa chakula chenye vijidudu chaweza kukosa harufu. Tena sumu nyingine haziishi hata kwa kuchemsha.

Twajua kutupa samaki kunauma. Lakini bei ya samaki ni ndogo kuliko ya dawa, na mtoto hana bei.

MASWALI KWA JAMAA

— Friza yetu inapigwa na jua saa ngapi?
— Kibati chake kina herufi gani?
— Nyuma yake hewa inapita?

Jibuni pamoja jioni ya leo, kisha sahihisheni lililo baya.